Sentimita Kumi na Tano za Kwanza

Tangi lilitoka ardhini lenyewe.

Hakuna aliyelichimbua. Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, tetemeko lilitikisa mji kwa sekunde kumi na nane. Lilipotulia, tangi jeusi la plastiki lilikuwa limeibuka nyuma ya jengo la ghorofa sita, nusu yake ikiwa juu ya uwanja kama mgongo wa kiboko. Kando yake palikuwa na vichuguu vya mchanga wa kijivu. Kila kimoja kilikuwa na tundu kileleni, na kila tundu lilikuwa likitapika maji.

Jengo lilikuwa limeinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Ubavu wake wa nyuma ulizama mita moja na nusu, ngazi zikaporomoka, na watu tisa waliokuwa wakikimbia kushuka wakafia humo. Kwa siku mbili waokoaji hawakuwa na muda wa kutazama tangi. Jumatano asubuhi mmoja wao alitaka kulisogeza ili kreni ipite. Alikifungua kifuniko kwa shida, kwa kuwa kilikuwa kimegandishwa kwa gundi. Akachungulia. Akarudi nyuma hatua tatu, akakaa chini kwenye matope.

"Kuna mtu humu," alisema. "Wa siku nyingi."

Inspekta alifika baada ya nusu saa, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyefanya upelelezi kwa miaka kumi na tisa. Nyuma yake alikuja Sajini, mnene, mcheshi, anayeweza kutania hata kwenye chumba cha maiti.

"Afande," alisema Sajini, "nimeokota maiti mtoni, kisimani na darini. Maiti anayepanda juu mwenyewe kuja kushtaki, huyu ni wa kwanza."

Daktari wa polisi alitoka ndani ya tangi akiwa amelowa jasho.

"Mwanamume," alisema. "Amebaki mifupa, buti za kazi na fulana ya kuakisi mwanga. Miaka mitatu, labda zaidi kidogo. Fuvu lina ufa nyuma."

"Ufa huo ndio uliomwua?"

"Ungeweza kumwua. Ungeweza pia kumzimisha tu. Mfupa hausemi zaidi ya hapo."

"Kuna cha kumtambulisha?"

Daktari alimpa mfuko wa plastiki uliokuwa umefungwa kwa mipira miwili. "Ulikuwa chini ya mkanda, mgongoni. Kama alipekuliwa, aliyempekua hakufika huko."

Ndani ya mfuko mlikuwa na kijitabu kilichoandikwa kwa penseli. Inspekta alikifungua kwa koleo ndogo. Kwenye jalada la ndani palikuwa na jina la maabara, cheo na namba ya kitambulisho. Sajini alisoma kwa juu ya bega lake. Uso ukambadilika.

"Huyu si Mpima Udongo?"

"Ndiye."

"Lakini Afande, jana tumetuma picha yake kwenye vituo vyote vya mpakani. Akamatwe popote alipo!"

"Basi amekamatwa," alisema Inspekta, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Mji mzima ulilijua jina hilo tangu Jumatatu. Ripoti ya udongo iliyoruhusu jengo kusimama ilikuwa na sahihi yake. Ripoti ilisema chini pana mchanga mgumu na maji yako mbali. Tetemeko lilisema vingine. Mtu mwenyewe alikuwa ametoweka kabla ujenzi haujapanda, na redio ilikuwa imekwisha kumhukumu: alighushi, akatoroka.

Inspekta alimpigia simu mwenyekiti wa Tume ya Uchunguzi. Tume ilipanga kusoma tamko lake Ijumaa saa nne asubuhi, mbele ya familia za wale tisa.

"Nasikitika," alisema mwenyekiti. "Lakini kifo chake ni jambo moja na ripoti yake ni jambo jingine. Ripoti ina tarehe ya Jumatano, miaka mitatu iliyopita. Mkewe aliripoti kwamba alitoweka kesho yake, Alhamisi. Mtu anaweza kughushi leo akauawa kesho. Niletee ushahidi kwamba hakuiandika, nami nitafuta jina lake. Bila hivyo, linasomwa."

"Una mtaalamu wa maandishi?"

"Sahihi itachukua wiki tatu. Mimi nina siku mbili."

*

Mke wa marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watu walimwita Mwalimu tu. Walimkuta nyumbani, saa ambayo angepaswa kuwa darasani. Madaftari ya wanafunzi yalikuwa mezani, yamesahihishwa yote, yamepangwa sawasawa.

"Wazazi walikuja shuleni jana," alisema kabla hajaulizwa. "Hawataki watoto wao wafundishwe nami. Miaka mitatu nimeitwa mke wa mtoro. Mawifi zangu walisema amepata mwanamke mwingine. Sasa naitwa mke wa muuaji. Niambieni, mmemkamata wapi?"

Inspekta alivuta kiti, akakaa karibu naye. Hakuzunguka.

"Dada, tumempata. Amefariki. Amefariki siku nyingi. Alikuwa palepale, nyuma ya jengo. Aliuawa."

Mwalimu alimtazama kana kwamba amesemeshwa lugha asiyoijua. Mkono wake ulishika daftari la juu, ukalirudisha, ukalishika tena.

"Palepale?" alisema hatimaye. "Mimi nimepita barabara ile kila siku kwenda kazini."

Sajini aliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo hakuniacha," alisema Mwalimu. Ndipo machozi yakamtoka.

Walisubiri. Alipoweza kuzungumza, alieleza ya siku ile ya mwisho. Mumewe alirudi Jumatano jioni, ana matope mpaka masikioni, hana raha. Alisema mchanga ule ni uji uliosimama tu. Alhamisi aliaga kwamba atapita kwenye eneo la ujenzi saa saba mchana, kabla hajapeleka majibu maabara.

"Kumwona nani?"

"Hakusema. Dada, keshokutwa watamsoma hadharani. Kama kweli aliiandika ripoti ile, niambie wewe kwanza. Nisisikie redioni. Na kama hakuiandika..."

"Nitakuambia wewe kwanza," alisema Inspekta. "Vyovyote itakavyokuwa."

*

Jina la pili kwenye ripoti, kama shahidi, lilikuwa la fundi mkuu wa uchimbaji. Wenzake walimwita Nyundo. Walimkuta pembezoni mwa mji, mtambo wake ukiunguruma, wasaidizi wawili wakihesabu mapigo kwa sauti.

Alihojiwa akiwa amekaa juu ya bomba.

"Wewe ulikuwa naye siku za mwisho," alisema Inspekta.

"Siku sita. Tulitoboa mashimo matatu."

"Mkagombana?"

"Kugombana? Mimi nilikuwa shemeji yake wa hiari. Alikula nusu ya chakula changu kila siku."

"Jina lako liko kwenye ripoti yake."

"Ripoti gani? Mimi sijawahi kuonyeshwa ripoti. Sisi tunapiga, yeye anaandika. Karatasi ni za watu wa viyoyozi."

Inspekta alimpa nakala. Si ukurasa wa muhtasari ambao Tume ilikuwa imeusoma, bali kurasa za nyuma zilizojaa safu za namba. Nyundo alivaa miwani. Alianza kwa kucheka. Kisha akaacha kucheka, akasoma tena, kidole kikifuata mstari.

"Nani ameandika upuuzi huu?"

"Sahihi ni ya rafiki yako."

"Sahihi sijui. Hizi namba si zake. Nane, kumi na moja, kumi na tatu. Jumla, thelathini na mbili."

Sajini alihesabu kwa vidole. "Mbona ni sawa? Thelathini na mbili."

"Sawa kwako, Sajini, na kwa muuza maandazi. Njoo uone."

Aliwaongoza kwenye mtambo. Nyundo ya chuma, kilo sitini na tatu na nusu, ilikuwa ikipanda na kuanguka juu ya fimbo ndefu. Kwenye fimbo palikuwa na alama tatu za chaki.

"Bomba la sampuli tunalizamisha sentimita arobaini na tano, kwa vipande vitatu vya kumi na tano. Tunahesabu mapigo ya kila kipande. Lakini kumi na tano za kwanza hatuzijumlishi. Kamwe! Ule udongo wa juu tumeshauchafua wenyewe tulipokuwa tunatoboa. Tunaandika, hatujumlishi. Kumi na moja na kumi na tatu ni ishirini na nne. Kila aliyewahi kushika penseli kwenye shimo anajua hivyo, kama anavyojua kuvua viatu kabla ya kulala. Aliyeandika hii amejumlisha zote tatu, shimo la kwanza mpaka la mwisho."

Inspekta alifungua picha za kijitabu cha marehemu. Mita ya tatu: mbili, mbili, tatu. Jumla: tano. Maji: mita moja na robo.

"Hizo ndizo zetu," alisema Nyundo, sauti imeshuka. "Tano. Bomba lilikuwa linazama kama kisu kwenye siagi. Halafu tazama tarehe: Jumatano. Jumatano jioni sisi tulikuwa bado tunaosha mabomba! Iliandikwa saa ngapi?"

"Nieleze kuhusu mchanga wenyewe. Tetemeko hili halikuwa kubwa."

"Halikuwa. Mama yangu anakaa mtaa wa juu, kwenye mwamba. Hata glasi haikuvunjika. Lakini chukua ndoo ya mchanga uliolowa, weka tofali juu. Linatulia. Sasa igonge ndoo kwa goti. Chembe zinaachana, maji yanapanda, mchanga unakuwa uji. Tofali linazama. Na kama umefukia humo chupa tupu, inaibuka."

"Chupa tupu," alirudia Inspekta.

"Tupu. Iliyojaa inabaki chini."

Inspekta aliandika hayo. Kisha akauliza, "Ulidhani walijenga vipi juu ya uji huo?"

Nyundo aliivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilidhani wameshusha nguzo mpaka chini. Lakini kusema kweli, tulipofika na mtambo tulikuta msingi umeshamwagwa. Ndivyo ilivyo mjini hapa: msingi kwanza, vipimo baadaye, ili faili lijae. Tulijua, hatukuuliza."

"Kuoa kwanza, posa baadaye," alinong'ona Sajini.

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

*

Alhamisi ilikwenda kwa mbio. Maabara ya uchunguzi wa jinai ilipata alama ya kidole gumba ndani ya gundi ya silikoni iliyoziba ukingo wa kifuniko. Kidole kilibonyeza gundi ikiwa mbichi, nayo ikakauka ikiitunza kama mhuri. Ofisi ya mkandarasi ilitoa daftari la kila siku la ujenzi. Alhamisi ile: *tangi la maji taka limeshushwa shimoni asubuhi, limefukiwa baada ya chakula cha mchana.* Jumamosi yake, kwa mwandiko uleule: *tangi lisiunganishwe, jengo litatumia bomba la maji taka la manispaa.*

"Tangi jipya," alisema Sajini. "Linanunuliwa, linazikwa, halafu linaachwa."

"Ili kuliunganisha, fundi bomba angelazimika kulifungua," alisema Inspekta. "Ni nani huyu mwenye mwandiko?"

Sajini alisita. "Zege."

Msimamizi wa ujenzi, ambaye hata watoto walimwita Zege, ndiye aliyekuwa shujaa wa mji juma lile. Alikuwa wa kwanza kuingia kwenye kifusi. Alitoa watu watatu wakiwa hai, kwa mikono mitupu. Alipoingia chumba cha mahojiano saa nane mchana, mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji, na macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Pole kwa kazi," alisema Inspekta.

"Asante, Afande."

"Kifuniko cha tangi kilifungwa na nani?"

"Vijana."

"Vijana walikuwa chakulani. Umeandika mwenyewe."

"Basi walikifunga waliporudi."

"Tumewapata wawili. Wanasema walikuta kimefungwa, wakafukia tu."

"Miaka mitatu, Afande. Nani anakumbuka?"

Sajini aliweka picha mezani. "Gundi inakumbuka. Kidole gumba cha kulia. Chako, kama kilivyo kwenye kumbukumbu za kitambulisho."

Zege aliitazama picha. "Mimi ni msimamizi. Nagusa kila kitu."

"Umegusa upande wa ndani, gundi ikiwa mbichi," alisema Inspekta. "Tuliache hilo. Nisaidie jambo dogo, hesabu zilinishinda tangu shule." Alimsukumia karatasi yenye safu moja: tisa, kumi na mbili, kumi na nne. "Haya ni mapigo ya nyundo ya shimo la udongo. Niandikie jumla wanayoiweka kwenye ripoti."

Zege alichukua kalamu kwa vidole vyenye bandeji. Hakufikiri. Aliandika *35*.

"Una hakika?"

"Hata mtoto ana hakika."

"Nyundo ameandika ishirini na sita. Karani wa maabara ameandika ishirini na sita. Aliyeghushi ripoti angeandika thelathini na tano."

"Nimekosea hesabu?"

"Hesabu umepata. Kazi yenyewe ndiyo huijui. Sentimita kumi na tano za kwanza hazijumlishwi."

Nje mtu alikuwa akifagia vioo.

"Watu wengi hawajui hilo," alisema Zege polepole.

"Kweli. Wengi. Lakini mmoja tu kati yao alilifunga tangi, akaamuru lisiunganishwe, na alikuwa na msingi uliomwagwa kabla ya vipimo. Ungeliunganisha, lingejaa, nalo lingebaki chini milele. Uliliacha tupu ili lisifunguliwe. Kitu kitupu huelea, bwana. Mpima Udongo angekuambia hivyo."

"Aliniambia," alisema Zege.

Ilimtoka tu. Alijisikia akiisema, akafumba macho, na mabega yake mapana yakaanguka.

Sajini alivuta karatasi, akamkumbusha haki zake, akashika kalamu.

"Alikuja saa saba," alisema Zege. "Vijana walikuwa wamekwenda kula. Akasema mchanga ule ukitikiswa utakuwa uji. Msingi uvunjwe, ardhi ishindiliwe upya, miezi minne. Nikamwambia, kwetu hapa ardhi hutetemeka vikombe vikagongana kabatini, basi. Akasema haihitaji kutetemeka sana, inahitaji kutetemeka mahali pabaya. Nikamsihi. Nikamwita ndugu yangu. Akasema anapeleka kijitabu maabara, na kutoka hapo manispaa."

"Ulilipwa na mtu?"

"Hakuna aliyenilipa!" Alipiga meza, akakunja uso kwa maumivu. "Nilianza kazi nina miaka kumi na sita, nabeba ndoo za zege kichwani. Ndiyo maana naitwa hivi. Lile lilikuwa jengo langu la kwanza kuwa mkuu. Msingi nilimwaga mimi, kwa amri yangu, bila kusubiri, kama wanavyofanya wote. Ukivunjwa, mji mzima utajua Zege hajui kazi. Ningerudi kwenye ndoo. Alipogeuka kuondoka nilimpiga kwa koleo. Mara moja. Nikapekua begi lake, nikakosa kijitabu, nikadhani amekiacha nyumbani. Ripoti niliiandika usiku, nikairudisha tarehe nyuma. Sahihi nikaiiga kutoka kwenye hati ya makabidhiano."

"Ukamtia kwenye tangi, ukidhani amekufa."

"Nilidhani. Nikapaka gundi, nikakaza. Vijana wakarudi, wakaanza kufukia."

Alinyamaza. Inspekta alikuwa amesikia maungamo mengi, na alijua ukimya wa mtu aliyemaliza. Huu haukuwa huo.

"Endelea."

"Nikasikia anagonga."

Kalamu ya Sajini ilisimama.

"Kijana mmoja aliinua kichwa. Akaniuliza, mkuu, unasikia? Nikamwambia awashe mashine ya kushindilia."

"Iliwaka muda gani?" aliuliza Inspekta.

"Mpaka jioni."

Sajini alisimama, akaenda dirishani, akabaki huko amewapa mgongo.

"Jumatatu," alisema Zege, "nilipokuwa nachimba kifusi, kila aliyekuwa anagonga chini nilimfuata. Watatu niliwapata. Mungu anajua niliwafuata wote."

"Wale watatu watakushukuru," alisema Inspekta. "Wale tisa hawawezi. Weka sahihi hapa. Yako, safari hii."

*

Ijumaa saa tatu na nusu, ukumbi ulikuwa umejaa. Mwenyekiti wa Tume alikuwa amelifuta jina kwenye tamko lake na kumpa Inspekta nafasi ya kusoma maelezo ya polisi. Mwalimu alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakuna aliyempa kiti, naye hakuomba.

Inspekta alimfuata, akampa kurasa mbili.

"Nilikuahidi utajua kwanza. Hakuiandika. Aliuawa kwa sababu alikataa kuiandika. Lakini kuna mstari mmoja, ukurasa wa pili. Mahakamani utasomwa, siwezi kuuzuia. Leo naweza kuuruka."

Mwalimu alisoma. Alipofika ukurasa wa pili, mkono wake wa kushoto ulishika ukuta. Akausoma tena na tena, mpaka Inspekta akaanza kujuta. Kisha akazikunja karatasi katikati, kwa uangalifu, akazirudisha.

"Alipotukanwa, hawakuruka neno," alisema. "Usiruke na wewe."

Inspekta alipanda jukwaani. Alisoma kwa sauti moja, bila kupamba: mashimo matatu, mapigo matano, maji mita moja na robo. Alisoma siku ile ya Alhamisi. Alipofika kwenye kugonga na kwenye mashine, mtu mmoja katikati ya ukumbi alilia kwa sauti.

Alipomaliza, alishuka jukwaani. Katika safu ya familia, mama aliyempoteza binti kwenye ngazi aligeuka, akatafuta kwa macho mpaka akamwona mwanamke wa mlangoni. Alijisogeza kwenye benchi, akamgusa mumewe naye asogee.

Mwalimu akatembea mbele ya watu wote, akakaa.